Mstari wa Majivu

Kumnyang'anya mtu kisha kumwalika mkutanoni ni sawa na kumpiga halafu kumuuliza anaumwa wapi. Ndivyo Mama Ukili alivyomwambia mjumbe aliyemletea habari, naye amekaa sakafuni, vidole vinasuka ukili wa mkeka bila kuutazama. Mjumbe akacheka akidhani ni utani.

Bonde la mikindu ndilo lililomlea. Ukindu, yale majani machanga ya mkindu, ndio uliosomesha wanawe, yeye asiyesoma. Kisha bonde likafanywa hifadhi, wala hakuna aliyeulizwa. Alipoingia kukata kama siku zote, askari wa hifadhi akamkamata na mzigo kichwani, akalazwa rumande. Mumewe akapata kisingizio alichokuwa akikitafuta: hawezi kukaa na mke mhalifu. Akahamia kwa mwingine, ambaye hajawahi kuiba hata jani, isipokuwa huyo mume.

Miaka ikapita, hifadhi ikapata mkuu mpya, mwanamke, aliyetaka mpango wa bonde utungwe pamoja na wenyeji. Mkutano wa kwanza ulifanyika ukumbini, chini ya feni isiyozunguka. Ramani ikatandazwa mezani, kila kundi lichore sehemu linayoitaka. Wasusi wakachora bonde zima. Wafugaji, bonde zima. Wenye mizinga ya nyuki, bonde zima. Mwenye hoteli naye akachora palepale, apate kujenga mnara wa wageni.

"Karatasi haina miiba," mkuu akasema. "Tutakwenda kuchora kwa miguu."

Ikakubaliwa kila kundi litoe mtu mmoja, atembee mpaka anaoutaka huku akimwaga majivu, wengine wakimfuata. Asiyeridhika asimame juu ya mstari, wabishane hapohapo mpaka yaishe. Wasusi wakamtoa Mama Ukili, kwa ajili ya ulimi wake.

"Usituletee kipande cha kufunikia chungu," wifi yake alimwonya njiani. Alikuwa dada wa mume yule, lakini hakuufuata upande wa kaka yake. "Chukua mpaka kwenye maji. Kaka yangu amekuacha, ukindu usikuache."

"Kaka yako alikuwa mkavu, wifi. Ukindu mkavu haukunjiki, unakatika tu."

Langoni wakamkuta askari aliyepewa kazi ya kubeba ndoo ya majivu. Ndiye yuleyule aliyemkamata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo beba wewe."

Alianza mstari kwa haraka, kama anayedai chake. Aliijua njia ile gizani. Lakini kadiri walivyoshuka, njia ilimkataa. Mikindu aliyokuwa akiifikia kwa mkono sasa ilimpita urefu, imefungamana juu, na mwanga ulichujika kijani mabegani mwao. Kijito alichokuwa akikiruka bila kukunja kanga kilikuwa kimetanuka na kuwa ziwa dogo, maji yametulia, mbingu yote imo ndani. Hata wafugaji, watu wa kupiga miluzi, wakatembea kwa ncha za vidole.

Akachota konzi ya majivu, akapenya peke yake hadi pale alipokuwa akikata ukindu bora, laini kama nywele za mtoto mchanga. Akayatenganisha majani.

Korongo wawili walisimama majini, warefu kufika kiunoni mwake, vichwani taji za dhahabu zikitetemeka kwa upepo mdogo. Kati yao, juu ya rundo la matete, kinda lilikuwa likijaribu kusimama. Likaanguka. Likajaribu tena. Mmoja wa wale wakubwa aligeuza shingo akamtazama Mama Ukili, naye hakuruka. Hakumjua binadamu, basi angemwogopea nini? Mama Ukili alisahau majivu mkononi. Maisha yake yote hakuna kiumbe kilichomtazama hivyo, bila kumtaka kitu wala kumtuhumu kitu.

Alirudi kinyumenyume, akaupindisha mstari mbali na maji.

Wifi akasimama juu ya majivu. "Umerogwa? Ukindu mzuri wote uko kule."

"Nenda ukatazame."

Wifi akaenda. Aliporudi alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akaondoka juu ya mstari.

"Vizuri sana," mwenye hoteli akasema. "Wakiacha wao, mnara wangu unakaa palepale."

Mama Ukili akaipokonya ndoo mikononi mwa askari, akauzungusha mstari upande wa pili wa maji mpaka ncha zikakutana.

"Humu haingii mtu. Si msusi, si mgeni, si askari."

"Mimi nitalindaje, mama?" askari akauliza.

"Ukiwa nje. Mimi nimekaa nje miaka yote hii, sikufa."

Mwenye hoteli akasimama juu ya mstari, ndiyo haki yake. Wakabishana mpaka jua likapinda. Wafugaji na wenye mizinga, waliokwisha kwenda kuchungulia, walikuwa upande wa Mama Ukili, na hatimaye mnara ukasogezwa kilimani, nje kabisa ya bonde. Wasusi wakapewa ukingo wa juu, wenye ukindu mfupi na mgumu.

"Mikeka yetu itachoma watu makalio," wifi akanung'unika wakipanda.

"Watakaa wima."

Askari akawa nyuma yao. "Mama, ile siku... nisamehe."

Mama Ukili hakugeuka. "Sijakusamehe. Mngeniuliza kwanza, ningewaachia pale majini mwenyewe, na nisingelala rumande." Akavuta pumzi. "Kesho asubuhi fungua lango. Nakuja na panga langu."