Mkono Kwenye Kava ya Tapeti

Wiki tatu kabla ya harusi ya mdogo wangu, baba aliamua kwamba injini ya gari lake lazima ipakwe rangi. Si injini nzima. Alitaka kile kifuniko cha juu tu, ambacho mafundi wa kwetu hukiita kava ya tapeti. Gari lenyewe lilikuwa stesheni wagoni kuukuu, na ndilo lingembeba bibi harusi kutoka kwetu Katelembo hadi kanisani Machakos mjini. Mama akauliza ni nani atakayefungua boneti siku ya harusi ili aone rangi. Baba akasema wanaume watafungua. Alikuwa amefanya ufundi wa magari nusu ya maisha yake katika kiwanda kule Athi River, na wanaume aliwajua.

Miaka ile ya tisini ilikuwa inaelekea kwisha. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mwalimu wa shule ya msingi, sijaolewa. Nayasema haya mapema kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kuamua kwamba namwonea mdogo wangu wivu. Shangazi zangu walinishika mkono nje ya kanisa na kuniambia kwa sauti ya kilio kwamba Mungu ana saa yake. Wivu nilikuwa nao kweli, na mwingi, ila walibisha mlango usio wangu. Mume wa mdogo wangu sikumtaka, na wa kwangu sikuwa na haraka naye. Wivu wangu ulikuwa wa kipande cha msasa.

Kwetu hakukuwa na mtoto wa kiume. Mimi ndiye kifungua mimba, nikapewa jina la mama mzazi wa baba, na kwa desturi yetu Wakamba baba aliniita hivyo hivyo, mwaitu, yaani mama yangu. Tangu nikiwa na miaka minane, Jumamosi ilikuwa siku yetu. Yeye anainama ndani ya boneti, mimi nashika spana. Hakuwahi kunisifu hata siku moja. Nikimpa spana kumi badala ya kumi na mbili, aliniuliza kama huko shuleni wanatufundisha kuhesabu au kuimba tu. Nikifuta kitu aliona mafuta niliyoyaacha. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili feni ya injini ile ile ilikata ncha ya kidole changu cha mwisho cha mkono wa kulia. Mama akanipiga marufuku kukaribia gari, na marufuku yenyewe ilidumu Jumamosi mbili.

Kwa hiyo Jumamosi ile nilivaa kikoti changu kichafu, nikatoka nje na tambara mkononi, nikakuta nafasi yangu ina mtu. Alikuwa mchumba wa mdogo wangu. Mbuzi za ntheo, zile zinazofunga ndoa kwetu, zilikuwa zimekwisha kuletwa na kuliwa, kwa hiyo sasa alikuwa mkwe halisi. Alizaliwa na kukulia Athi River, akifanya kazi katika kiwanda kimoja cha nguo, na Kikamba chake kilikuwa cha kuokoteza. Ndiyo maana baba alimzungumzia Kiswahili, Kiswahili cha taratibu chenye adabu ambacho mimi sikuwahi kukisikia kwake ila akiwa na pasta.

Baba aliponiona na tambara langu akasema, "Leo niko na kijana. Wewe saidia mama yako jikoni."

Hakusema mwaitu, alisema wewe. Nikarudi jikoni kukanda chapati za mgeni, na nilizikanda kwa hasira mpaka mama akaniuliza kama zimenikosea.

Dirisha la jikoni lilitazama uwanjani, nikaona kila kitu. Walifungua nati, wakatoa waya za plagi, baba akiziandikia namba kwa chaki. Wakaibandua kava na kuifunika injini kwa kitambaa safi isiingie mchanga. Yule kijana akakwangua gasketi kuukuu kwa kisu butu. Akailoweka kava kwenye karai la mafuta taa na kuisugua kwa mswaki, kisha maji moto na sabuni ya unga, kisha tena, mpaka maji yakaacha kuwa meusi. Akaikausha juani, akashika msasa. Alikuwa anasugua vizuri. Nilitamani asugue ovyo, ila alikuwa anasugua vizuri, kwa mizunguko midogo, akiua ule mng'ao wa bati ili rangi ipate pa kushika, na kila baada ya dakika mbili baba alikuwa anasema, "Vizuri sana. Vizuri sana, kijana."

Roho iliniuma mpaka nikasahau chapati kwenye kikaango. Miaka ishirini na moja nilikuwa nimesimama kwenye boneti ile, nikaiachia hata nyama ya mwili wangu, na hilo "vizuri" moja sikulipata. Huyu alikuja kwa mbuzi tatu na kulipata kumi na nne kabla ya saa sita. Nilizihesabu. Mtu mwenye kijiba cha roho huwa hodari wa kuhesabu.

Mwisho wakaipangusa kwa petroli. Hapo baba alikuwa na sheria yake moja, na mimi niliijua kabla sijajua Baba Yetu uliye mbinguni. Kitu kikishapanguswa petroli hakiguswi tena na mkono wa mtu, kwa sababu mkono una mafuta hata ukiuosha. Kinabebwa kwa waya mpaka kipakwe rangi. Yule kijana akapitisha waya kwenye tundu la nati, akaibeba kava kama mtu aliyebeba nyoka, akailaza juu ya kibao kivulini. Kisha akaenda kwenye tangi nyuma ya nyumba kunawa, na baba akaingia ndani kutafuta magazeti ya kutandika chini.

Nilitoka jikoni. Nilijiambia natoka kufukuza kuku, na kuku walikuwepo, siwasingizii. Mikono yangu ilikuwa inang'aa mafuta ya kukaangia. Nilisimama juu ya kile kibao na kuitazama ile kava, imekuwa ya kijivu, safi, haina doa. Nikaweka kiganja changu juu yake. Ningeweza kusema kilipita tu, ila nilikibonyeza. Nilibonyeza na kuhesabu moja, mbili, tatu, kisha nikarudi kugeuza chapati.

Nilichofikiria ni kwamba rangi itababuka baada ya wiki moja, na baba atajua kazi ya nani ni ya nani. Jambo nililolisahau, mimi mwanafunzi wake wa miaka yote hiyo, ni kwamba rangi ya kopo ya kupuliza haingoji wiki.

Niliwapelekea chai wakati kijana anamalizia kupuliza. Rangi ilikuwa nyekundu, nzuri, imetandaa. Kisha katikati ikaanza kujikunja na kukimbia pembeni, kama maji juu ya jani la nduma. Kikatokea kiganja. Vikatokea vidole, kimoja kimoja, mpaka kile cha mwisho, ambacho kiliishia kabla ya wakati wake.

Nilikuwa nimeshika sinia kwa mikono miwili, mbele ya macho yao. Hakuna pa kuuficha mkono wakati umebeba vikombe.

Baba aliitazama kava. Kisha akasema, kwa kile Kiswahili chake cha adabu, "Huo ni mkono yangu. Nilisahau nikashika."

Mkono wa baba ulikuwa mpana kuliko kava yenyewe. Yule kijana akaitikia, "Ndiyo, mzee. Hiyo hutokea." Wakanywa chai, wakazungumza juu ya mvua.

Kijana alipoondoka kurudi Athi River, baba hakunipigia kelele. Nilimwomba aniachie niikwangue kabla usiku haujaingia, niirudie yote, mafuta taa na msasa na petroli, mkwe akija tena akute iko safi. Akakataa. Aliniambia kwa Kikamba kwamba ile ni kazi ya mkwe. Akikuta tumeirudia atajua tuliiona mbaya, na aibu hiyo itakaa kati yetu naye maisha. Kazi ya mkwe haikosolewi, iwe imenyooka au imepinda. Ndiyo maana, akasema, mtu humwambia mkwe "vizuri" hata kabla hajatazama.

"Wewe ndiye nakwambia ukweli, mwaitu," akasema. "Leo umekuwa na roho mbaya."

Akaifunga kava vile vile, mkono na yote. Wiki tatu nilikuwa nalala na kuamka na kava ile. Aibu nilikuwa nayo, ila wivu nao haukwisha, nisidanganye. Niliwaza kwamba hata kosa langu baba amelitumia kumstahi yule.

Siku ya harusi wanaume walifungua boneti, kama alivyotabiri. Walikuwa wajomba wa bwana harusi, watu wa mjini wenye tai, na walimzunguka baba nje ya kanisa wakati wapiga picha wanapanga wasimamizi. Mmoja akauliza mkono ule ni wa nani. Nilikuwa hatua tatu kutoka hapo, nimeushika mkoba wangu kwa nguvu.

"Ni wa mwaitu," akasema baba.

Mjomba mmoja aliyejua Kikamba akawatafsiria wenzake kwamba ni wa mama yake mzee. Mmoja akavua kofia na kusema Mungu amlaze mahali pema, na mwingine akasema ni vizuri gari kuwa na baraka ya wazee. Baba akashukuru. Hakusahihisha neno, na hakunitazama.

Walipoondoka nikabaki na bwana harusi pale mbele ya gari. Suti ilikuwa inambana mabega. Akaitazama kava, akatazama mkono wangu.

"Shem, ile siku nilikuona," akasema. "Nilikuwa pale kwa kona ya tangi."

Nikamuuliza kwa nini hakuipangusa tena kwa petroli kabla ya kupuliza. Ilikuwa kazi ya nusu dakika.

"Mzee angeuliza mbona narudia. Ningemwambia nini? Ati nimeshtaki binti yake?" Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Na hata ningeharibu yote, angesema tu vizuri. Mimi babangu alienda nikiwa mdogo. Ile siku nilikuwa nangoja aniambie hata mara moja, hapa umekosea, kijana. Nikasugua mpaka vidole vikatoka damu. Yeye ni vizuri, vizuri, kama anaongea na mgeni."

Niliinua mkono kuifunga boneti, nikaishusha taratibu nisichafue gauni.

Kutoka mlangoni mwa kanisa, mbele ya pasta, wajomba, shangazi zangu wote na mpiga picha, baba akanifokea kwa Kikamba. Mwaitu, nimekufundisha hivyo? Boneti ile haibembelezwi, inaachiliwa ianguke, ama unataka ifunguke na bibi harusi yuko njiani? Watu wakageuka kutazama. Shangazi mmoja akatikisa kichwa kwa huruma.

Nikaifungua, nikaiachilia, ikajifunga kwa kishindo. Nilipogeuka, shemeji alikuwa amesimama pale pale na ua lake kifuani, akinitazama. Macho yale niliyajua. Ndiyo niliyokuwa nayo mimi kwenye dirisha la jikoni.