Usikanyage Majani

Nilichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya bustani ya mtaa wetu, hapa Chikongola, Mtwara, kwa sifa moja kubwa: siku ya kikao sikuwepo. Waliokuwepo walijitetea vizuri. Huyu ana presha, yule ana wageni, mwingine shamba lake la korosho halina mtu wa kulitazama. Mimi, mwalimu mstaafu ninayeishi nyumba inayotazamana na hiyo bustani, nilikuwa nimekwenda kununua samaki, na niliporudi nikakuta cheo kinanisubiri kibarazani pamoja na katibu. Katibu wetu alikuwa karani enzi zake na hajapona bado. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, kama anampa pole mfiwa.

"Wananchi wana imani na wewe, Mwalimu," akasema.

Bustani yenyewe wakati ule ilikuwa kiwanja chenye mikorosho miwili mizee, iliyobaki tangu pale palipokuwa shamba la mtu, bembea moja isiyo na kiti, na mabenchi ya zege yaliyotengenezwa kwa ajili ya binadamu wasio na makalio. Mbuzi ndio waliokuwa na imani nayo kuliko wananchi.

Ningeweza kukataa. Mdomo wa kukataa ninao, waulize wanafunzi wangu. Nilikubali, na sababu naitaja mapema ili mtu asije akanidhania mzalendo: mume wangu alikuwa anaanguka.

Kiharusi kilikuwa kimempiga upande wa kushoto. Mguu ukawa wa kuburuza na ulimi ukawa mzito, na mtaalamu wa mazoezi pale hospitalini akatueleza bila kutuzungusha kwamba mguu ule usipotembezwa kila siku utasahau kazi yake, na ukishasahau basi, ndiyo kiti mpaka mwisho. Akasema atembee mahali tambarare na palaini, maana kuanguka ataanguka tu. Palaini! Mbele yetu kuna barabara ya bodaboda, na uani kuna sakafu ya saruji niliyoisimamia mwenyewe kwa majivuno, nikiwaita majirani waje waone. Alianguka juu ya majivuno yangu, akapasuka paji la uso. Tangu siku hiyo akagoma. Alikaa kibarazani kutwa nzima, akitazama bustani, na mimi nikawa namtazama yeye na kuogopa.

Huyu hakuwa mtu wa kukaa. Alikuwa bwana shamba. Maisha yake yote ya kazi aliyamalizia juu ya pikipiki ya serikali, Madimba, Mnazi, vijiji vyote vya huku kwetu, akifundisha watu korosho: wakati wa kupuliza salfa ya kuua ukungu, namna ya kupogoa, na zaidi ya yote, kwamba chini ya mkorosho pawe peupe kama sakafu ili korosho ikidondoka ionekane. Hilo la mwisho alilihubiri kama dini. Jani moja chini ya mkorosho lilimkosesha raha. Tukienda harusini alikuwa anaangalia shamba la mwenye harusi kwanza, halafu bibi harusi. Watu wazima waliofundishwa naye wamejaa mtaani kwetu, wote wana mikorosho yao mahali fulani, na wote humwita Bwana Shamba mpaka leo.

Basi nikataka majani. Nikataka bustani iwe na ukoka mzito, wa kuangukia. Kamati nayo ilitaka mambo yake. Ilitaka uzinduzi. Tulijadili mgeni rasmi akae upande gani wa turubai kabla hatujajadili bustani iwe na nini, na fulana za kamati zilipata rangi yake wakati bembea haijapata kiti. Nilipotaja majani, wajumbe walinitazama kwa huruma, wakakubali kwa kuwa chai ilikuwa imeshaingia.

Ukoka tulipewa na mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye ukoo wake ulikuwa unauza misumari Mikindani kabla babu zetu hawajapata cha kupigilia. Aliuleta kwa pikapu, umefungwa kwenye magunia yenye maji, na akakataa kushukuriwa.

"Mimi nataka kuona kijani tu, Mwalimu," akasema. "Kule dukani natazama mabati kutwa."

Tukaupanda wakati wa mvua. Ukashika. Mvua zilipokatika nikawa naumwagilia kwa mpira kutoka bombani kwangu, na asubuhi nilikuwa nautazama kabla sijanawa uso. Ulitambaa chini ya ile mikorosho miwili mpaka ukafunga kabisa, na nilikuwa na furaha ambayo sikumwambia mtu.

Halafu katibu akaleta kibao.

"Bustani bila kibao ni kichaka," alinieleza. Aliandika kwa rangi nyekundu: TAFADHALI USIKANYAGE MAJANI. KWA AMRI YA KAMATI. Akakisimika katikati kwa zege, na nakuhakikishia ndicho kitu pekee kwenye ile bustani kilichojengwa kwa viwango.

Nilimshika mume wangu mkono, nikamvusha barabara, nikamfikisha ukingoni mwa majani. Akasoma. Akasimama.

"Twende," nikamwambia.

"I-me-andikwa," akasema.

"Kamati ni mimi. Mwenyekiti ni mimi. Nakuamuru ukanyage."

Akatikisa kichwa. Mtumishi wa umma haponi, hata kiharusi hakimtoi kazini. Nikamrudisha kibarazani, mimi nimevimba kwa hasira, yeye ametulia kama mtu aliyetimiza wajibu. Nilimfuata katibu nikamwambia king'olewe. Akanijibu kwamba kibao kilipitishwa na kikao, kwa hiyo kitaondolewa na kikao, na kikao hakiwezi kukaa kwa kuwa akidi haitimii, na akidi haitimii kwa kuwa watu wako mashambani wanasafisha mikorosho. Nikawa mwanamke wa kwanza Mtwara aliyepanda majani kwa ajili ya mguu wa mumewe na kumkataza kwa amri yake mwenyewe asiyakanyage. Majani yakawa yanastawi na mguu unakauka. Nilianza kuyachukia.

Katikati ya hayo shangazi yangu akafariki Madimba. Nikamwacha mgonjwa na jirani, nikaenda kulala msibani. Siku ya kurudi ilikuwa Jumamosi ya usafi. Niliposhuka kwenye bodaboda niliona watu wengi kwenye bustani, nikafurahi. Moyoni nikasema, kumbe wana uchungu na mali ya umma.

Walikuwa wamekaa chini ya mikorosho, wanaume na wanawake, jasho linawatoka, wanakula muhogo wa kuchemsha. Kila mmoja alikuwa na jembe, na hakuna aliyekuwa mjumbe wa kamati. Mbele yao kiwanja kilikuwa cheupe. Hapakuwa na unyasi mmoja. Ukoka wangu ulikuwa fungu kubwa kando ya barabara, mizizi juu, unakauka. Katikati ya ule mchanga mtupu kilisimama kibao kikisema usikanyage majani, na walikuwa wamekipalilia vizuri pande zote.

Jirani yangu niliyemwachia mgonjwa, mama anayefagia bustani kila asubuhi, alinijia na jembe begani, uso unang'aa.

"Shikamoo, Mwalimu. Pole na msiba."

"Marahaba. Nini hiki?"

"Si ukoka! Ulikuwa umeingia vibaya sana, mpaka chini ya mikorosho. Nangu, mimi mwenyewe, nikawaambia wenzangu, Mwalimu yuko msibani, hana muda, hatuwezi kumwachia aibu hii. Tumeung'oa na mizizi yake. Hauoti tena huo."

"Tuliupanda," nikasema.

Akacheka, akanipiga begani. Alijua natania. Nani mwenye akili zake anapanda ukoka?

"Nani aliwaruhusu?"

"Tulimuuliza Bwana Shamba mwenyewe, si yupo pale? Tukamwambia, Bwana Shamba, tuutoe? Akanyanyua mkono."

Niligeuka. Mume wangu, kibarazani, akanyanyua mkono. Tangu ulimi uwe mzito alikuwa na mkono huo mmoja kwa kila jambo: salamu, kukataa, kuomba maji, kufukuza kuku. Walikuwa wameuchukua kama kibali.

"Na kibao je?" nikauliza, kwa kuwa sikujua niulize nini.

"Kibao tumekiacha. Si cha serikali kile?"

Mwenye duka naye akapita na gari lake, kama mtu aliyetumwa kuja kunimaliza. Akashuka, akasimama, akatazama kiwanja muda mrefu.

"Mwalimu, kijani kiko wapi?"

"Tushakitoa chote, tajiri!" jirani akamjibu kabla sijafumbua mdomo. "Karibu muhogo."

Akanitazama. Akatazama majembe. Kisha akaketi juu ya benchi, akapokea kipande cha muhogo, akala, na nadhani ndiye mtu pekee aliyenielewa siku ile.

Nililia jikoni, na kilio kile hakikuwa cha shangazi peke yake. Nilipotoka nikamkuta mume wangu anacheka. Nusu ya mdomo tu ndiyo iliyokuwa inafanya kazi, lakini alikuwa anacheka, kwa mara ya kwanza tangu augue.

"Pa-safi," akasema, akionyesha kwa kidevu.

Nilimjibu maneno ambayo mke wa mgonjwa hapaswi kuyasema, na sitayaandika.

Asubuhi iliyofuata nilitoka na mwiko mkononi kumuuliza kama anataka uji au chai, nikakuta kiti kitupu. Alikuwa ng'ambo ya barabara. Peke yake, na fimbo yake, chini ya mkorosho wa kwanza, anakagua. Nikaelewa pale pale: sheria ilikuwa inakataza kukanyaga majani, na majani hayakuwepo. Nilikuwa nimeanza kukimbia wakati anaanguka.

Nilifika napiga kelele. Alikuwa amelala ubavu, mchanga kwenye sharubu, mzima kabisa. Majembe yalikuwa yameulegeza ule mchanga mpaka ukawa laini kama godoro la sufi. Hakuwa na mpango wa kunyanyuka. Alikuwa ananyoosha fimbo kuelekea kwenye shina.

"Pale," akasema. "Wame-bakiza."

Kweli, palikuwa na kiunyasi kimoja. Alikaa pale chini mpaka nikaking'oa.

Tangu hapo akawa anavuka kila alfajiri baada ya swala. Alikuwa na sababu: shamba safi halijilindi lenyewe. Akaanguka, akanyanyuka, akaanguka tena, na nikaacha kukimbia. Mchangani aliacha alama ambayo majani yasingeionyesha kamwe: unyayo wa kulia, na ubavuni mwake mstari mrefu, mahali mguu wa kushoto ulipoburuzwa. Unyayo, mstari. Unyayo, mstari. Yule jirani anayefagia alikuwa anasafisha kiwanja chote, majani makavu, makaratasi, mavi ya mbuzi, lakini akifika kwenye ule mstari anaupita kando na fagio lake. Sikumwomba. Nilimuuliza siku moja mbona anaacha. Akaniambia, huo si uchafu.

Nikawa nausoma kila asubuhi kama nilivyokuwa nasoma madaftari ya darasa la kwanza. Siku nyingine mstari ulikuwa mrefu na wenye kina, nikarudi ndani bila hamu ya chai. Siku nyingine ulikuwa mwembamba. Kuna siku ulikatikakatika, nikaogopa kufurahi.

Hatimaye akidi ikatimia. Katibu alifungua kikao kwa kusema kwamba uzinduzi unakaribia na kamati iko kwenye aibu, kwa kuwa ina kibao lakini haina majani, na mgeni rasmi anaweza kuuliza. Kung'oa kibao hakuna aliyekutaja. Ikapendekezwa ukoka upandwe upya chini ya mikorosho, kukilinda kibao.

"Upandwe kule kwenye bembea," nikasema, "watoto wauangukie. Na kabla hamjaupanda, kila mwenye jembe aambiwe kwamba tumeupanda kwa makusudi. Chini ya mikorosho pabaki palivyo."

"Sababu, mwenyekiti? Kwa ajili ya muhtasari."

"Andika sababu za kitaalamu. Bwana Shamba ameshauri."

Wajumbe wote waliinamisha vichwa kwa heshima. Ndiyo hoja pekee niliyowahi kuipitisha bila chai.

Mabibo ya mikorosho yalikuwa yameanza kuiva, mtaa mzima unanukia, nilipotoka asubuhi moja kusoma mchanga wangu, nikasimama barabarani, nikautazama kwa mbali, nikaona hakuna mstari. Kiwanja kilikuwa kitupu upande ule. Nilivuka na khanga ya kulalia, sikutazama hata bodaboda, nikamwendea jirani yangu aliyekuwa amesimama kwenye benchi la kwanza.

"Nani kakwambia ufagie huku? Miezi yote hii ulikuwa unajua, leo umefuta!"

Alinitazama kama anamtazama mtu mwenye homa. Fagio lake lilikuwa bado kwapani, limefungwa kamba.

"Mwalimu, leo sijafagia," akasema. "Ndo kwanza nafika."

Nikainama. Mchangani kulikuwa na nyayo za mume wangu, kulia na kushoto, kulia na kushoto, mpaka kwenye kibao, zikakizunguka, zikaendelea.