Koti Alilolitolea Shukrani

Mume wangu ni fundi cherehani. Ukitaka kuongea naye kaa upande wake wa kulia, maana sikio la kushoto alirudi nalo kutoka vitani likiwa pambo tu. "Huko kushoto piga hodi mpaka uchoke," huwaambia wateja, "mwenye nyumba alishahama." Wateja hucheka, na mimi nacheka nao huku nashona vifungo, ingawa utani huo nimeusikia mara mia.

Alisoma chuo cha ushonaji miaka miwili, mtaa wa pili kutoka hapa. Wenzake walimwita Nyoosha, kwa sababu akipita kwenye meza ya mtu mkono wake ulikwenda wenyewe kunyoosha kitambaa cha mwenzake.

Mtihani wa mwisho wa chuo kile ni koti. Wanafunzi wote thelathini hupewa kitambaa kile kile cha kijivu na vipimo vile vile, ili msahihishaji asijue lipi la nani. Jina haliandikwi. Kuna kikaratasi chenye namba tu, kimebanwa kifuani kwa pini. Koti likifaulu linapigwa muhuri mwekundu ndani ya mfuko, karibu na mdomo wake, ili nje lisichafuke. Lakini fundi hapendi kazi yake ipotee hivi hivi. Kwa hiyo kila mwanafunzi alikuwa na alama yake ya siri, aliyoishona chini kabisa ya mfuko, kwenye pembe, mahali ambapo hata mwalimu hatii mkono. Alama ya mume wangu ilikuwa mishono mitatu ya uzi wa bluu, kama unyayo wa kuku. Alinionyesha kwenye shati lake.

"Usimwambie mtu," alisema.

"Nimwambie nani? Kuku?"

Mwaka ule vita vilikuwa vimeanza. Ikatangazwa kwamba mwenye cheti cha ushonaji atakwenda kiwandani kushona sare, na asiye na cheti, kama ana nguvu zake, atakwenda kuzivaa. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minne. Koti lile ndilo lililokuwa linaamua mtoto wetu azaliwe baba yake akiwa wapi.

Siku ya majibu, mkuu wa chuo alimwita ofisini. Akamwambia, "Kijana, pole. Koti lako limeachia kwapani. Msahihishaji kalivuta kidogo tu, likafumuka."

Alirudi nyumbani akakaa kitandani na viatu vyake miguuni.

"Kwapa nililipiga mshono mara mbili," alisema. "Mara mbili, mama."

"Labda ulikuwa umechoka," nikamjibu.

Nilisema hivyo mimi mwenyewe, na mpaka leo najutia neno hilo. Mpwa wa mkuu wa chuo, ambaye tundu moja la kifungo lilimtoa jasho shati zima, alifaulu akaenda kiwandani. Sisi tukasema bahati ni bahati. Mume wangu akaenda vitani.

Mtoto alipofikisha miezi miwili, barua ya kwanza ndefu ilikuja. Chuo kilikuwa kimewapelekea zawadi wanafunzi wake wa zamani walioko vitani: sabuni, soksi, biskuti za kopo, na kila mmoja koti la kijivu kutoka kabati la makoti ya mtihani. Askari wa vyuo vingine, aliandika, hawakupata hata kipande cha sabuni. Alisema siku ile alijiona ana watu.

Barua nyingine aliwaandikia chuo. Mkuu wa chuo akaibandika kwenye ubao wa matangazo karibu na geti, halafu akanitumia mtu kwamba siku ya kugawa vyeti nije niisome mbele ya watu. Nilivaa gauni langu la heshima, nikambeba mwanangu mgongoni, nikasoma:

"Mheshimiwa Mkuu, nilidhani mmenisahau kwa kuwa niliwaaibisha. Leo nimevaa koti lenu. Nimeuona muhuri, nimejua ni la mwenzangu aliyefaulu, basi nalivaa kwa adabu. Huku tunalala chini, tunatambaa, tunavutana, na kwapa lake halijaachia. Kweli yule ni fundi. Chuo hiki hakijawahi kunikosea. Nikirudi mzima nitakuja kushukuru kwa miguu yangu."

Watu walipiga makofi. Mkuu wa chuo alitoa kitambaa akajifuta macho. Akina mama walinishika mikono, wakaniambia nina mume mwenye shukrani. Nilitembea kurudi nyumbani kama vile ardhi ni godoro.

Baada ya miezi mitatu ikaja bahasha nene. Ndani hamkuwa na maneno mengi. Mfuko wa koti ulikuwa umetoboka, akaugeuza nje ili auzibe, na kule kwenye pembe akakuta mishono mitatu ya bluu. Alikuwa ameukata mfuko mzima akaukunja ndani ya barua. Juu muhuri mwekundu wa kufaulu, chini unyayo wa kuku.

"Kumbe yule fundi niliyekuwa namsifu ni mimi," aliandika. "Walihamisha kikaratasi tu. Pini moja. Wapelekee wauone."

Niliuweka mfuko ule mezani kwa mkuu wa chuo. Mwanangu alikuwa anavuta kitambaa changu cha kichwa.

"Hiki nini, mama?" mkuu akaniuliza.

"Mfuko wa koti mlilompelekea mume wangu. Muhuri ni wenu. Alama ni yake."

Aliutazama bila kuugusa. Niliona rangi ikimtoka usoni kisha ikarudi polepole.

"Uzi wa bluu kila duka upo," akasema. "Mishono mitatu hata wewe unaweza kushona."

"Naweza. Lakini nisingejua pa kuishona. Waulize waliosoma naye, kila mmoja ana yake. Tafuteni lile koti mlilosema limeachia kwapani, mtazame pembe ya mfuko kama alama si ya mpwa wako."

"Mama, punguza sauti." Akanyoosha kidole dirishani, kwenye ubao. "Mumeo ameandika kwa mkono wake kwamba chuo hiki hakijawahi kumkosea. Na wewe umeisoma mbele ya watu, tena kwa sauti nzuri. Sasa tumwamini nani, yeye wa kwanza au yeye wa pili?"

Shukrani yetu wenyewe ndiyo iliyonifunga mdomo.

"Msalimie sana," akaongeza, akinifungulia mlango. "Mwezi ujao tutampelekea soksi nyingine."

Nilichukua mfuko wangu nikatoka. Nilipofika ubaoni nilisimama. Barua ilikuwa imebanwa kwa pini nne. Nikaanza kuzitoa.

"Dada, hiyo ni mali ya chuo," mlinzi wa geti akasema.

"Aliyeiandika ni baba wa huyu."

Alimtazama mtoto, akanitazama mimi. "Haya. Mimi hapa nafunga geti," akasema, akanipa mgongo.

Mume wangu alirudi mwaka uliofuata. Cheti hakupata mpaka leo. Mpwa yule sasa ndiye msimamizi kiwandani. Kushukuru kwa miguu yake hakwenda. Tukipita pale huwa anazunguka mpaka sikio bovu liwe upande wa geti, na mimi najifanya sijaona.

Wiki ya kwanza ya kurudi kwake nilimpa ile barua niliyoitoa ubaoni. Aliisoma akiwa amesimama, mpaka mwisho. Nilidhani ataichana. Akaigeuza, akaipapasa.

"Karatasi ngumu hii," alisema. "Hii ni ya chuo?"

"Karatasi ni ya kwako. Uliinunua huko huko ulikokuwa."

"Basi nilikuwa sijali gharama."

Akachukua chaki akachora mfuko mdogo juu ya maneno yake, akaukata kwa mkasi, akautundika msumarini pamoja na ruwaza zake nyingine za karatasi za kukatia nguo. Ndiyo anayokatia mifuko ya watoto hadi sasa. Wa kwanza aliushona kwenye gauni la mwanetu, siku ile ile.

Gauni lilipokwisha kushonwa nilitia kidole mfukoni, hadi kwenye pembe. Hakuwa ameweka alama; humu ndani hakuna wa kuhamisha pini.