Kaka Yangu Ndiye Atakayeniozesha

(Jina la bibi huyu tumelihifadhi. — Mwenye ukurasa)

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na mbili, mzaliwa wa Mji wa Kale. Nashona kofia nyumbani. Baba alifariki angali kijana. Alianguka kazini Kilindini, upande mmoja wa mwili ukafa, na watu wakasema kapigwa na shetani. Tangu hapo kaka yangu ndiye mlezi wangu.

Ramadhani iliyopita, tukifuturu, kaimati ilimponyoka kaka mkononi, mdomo ukaenda upande, maneno yakamkataa. Ana miaka ishirini na sita tu! Shangazi akataka aitwe mganga wa pepo. Nikasema, "Pepo baadaye, shangazi. Kwanza hospitali."

Daktari alimsikiliza kifua, akauliza habari za baba, kisha akatupima moyo sote wawili kwa mashine. "Ugonjwa huu wa moyo mmeurithi," akasema. "Damu huganda ndani ya moyo, kipande kikapanda kichwani. Na wewe unao. Huenda usikudhuru kamwe, huenda ukakuangusha ungali kijana."

Njiani shangazi akaninong'oneza, "Funika kombe mwanaharamu apite. Una mchumba wewe."

Sikufunika. Nilimwambia mchumba wangu mwenyewe, mbele ya mamake. Mamake akaweka kikombe chini. "Mwanangu haoi jeneza."

Lakini kijana akasema ananitaka hivyo hivyo, nami nikalia kwa furaha. Kumbe ana sharti. Siku ya nikaha kaka asionekane; ami yangu ndiye aniozeshe, kwani kaka siku hizi hutamka kama mtoto mdogo, na watu watacheka.

Nikamwambia, "Walii wangu yu hai. Ataniozesha yeye, hata neno moja likimchukua asubuhi nzima." Akaondoka bila kuaga.

Sasa nyumba nzima yanilaumu. Shangazi asema msichana mwenye moyo mbovu hachagui. Mimi nasema moyo mbovu nao waweza kukataa. Kaka hajui habari ya sharti hilo. Kila alasiri ajizoeza kusema "nimekuoza", na jana alilitamka lote, akacheka kwa mdomo wake wa upande.

Nampenda yule kijana, sikatai. Ila anayetaka kuniambia nimfiche kaka, asijisumbue kuandika. Ninyi wengine nipeni shauri: nimwite aje amsikie kaka kwa masikio yake, au nimrudishie pete yake leo?