Koti la Mpiga Gitaa

Juzi, mjini Tarime, niliwakuta vijana wakimlilia mwanamuziki aliyefariki, wakiimba nyimbo zake kwa sauti zilizokauka. Nikakumbuka alasiri tuliyomzika Marwa, mpiga gitaa wa kijiji chetu cha ujamaa. Ua ulinuka moshi wa kuni na mtama uliolowa mvua. Wapenzi wa muziki wake walikuja kwa miguu kutoka vijiji vya jirani, wakamzunguka mjane wake, Bhoke.

“Shemeji, tupe gitaa tumwimbie,” walimsihi. “Na koti lake, tulitundike ofisi ya kijiji.”

Bhoke aliwapa gitaa bila kusita. “Hili lilikuwa lenu siku zote. Koti siwapi. Hilo alirudi nalo nyumbani kwangu kila usiku.”

“Koti lenyewe limetoboka, shemeji!”

“Nitalishona.”

Kwa akili yangu ya kitoto nilimwona mjinga, kutoa kitu cha thamani na kung’ang’ania koti kuukuu lililonuka tumbaku. Gitaa lilipoanza kulia, umati wote ulilia nalo. Bhoke alizamisha uso ndani ya koti, nami nikadhani anafuta machozi. Leo, nikiwa mjane, najua alikuwa akiivuta harufu ya mumewe kabla haijaisha.