Jiwe la Foleni ya Kivuko

Niapie kwamba hutamwambia mtu. Haya, sogea.

Juzi kwenye mteremko wa kivuko cha Sengerema, nilikuwa na binti yangu, fundi magari wa Igoma, akamwona jirani yetu kwenye gari ambalo kiwanda kimeagiza lirudishwe. Breki yake ya mkono huachia yenyewe. Chini yetu abiria walijipanga, wengine na watoto mgongoni.

"Shikamoo, mzee. Hili gari mbona hujalileta?"

"Marahaba, mwanangu. Lilishatengenezwa, breki inang'ata kama kupe!"

"Basi shuka tusalimiane."

Mzee akashuka. Kabla hata ya kutoa mkono, akainama.

Foleni nzima ikaangua kicheko. Nikapaza sauti, "Fundi huyo nimemzaa mimi!" Mzee bado ameinama, anasukuma jiwe chini ya tairi.