Tulipokunywa Soda ya Aliyemfungia Spesiosa

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, katika ile miaka ya tisini, nikiwa msichana wa kazi za kiwandani. Tulikuwa tumepanga kwenye ploti huko Mowlem, Nairobi, vyumba vimepangana pande mbili na mfereji mmoja wa maji uani. Chumba cha mwisho alikaa Spesiosa, mshonaji wa Bujumbura. Vita vya kwao vilikuwa vimemwachia ujane. Mtu mmoja mwenye duka la sare za shule alimwahidi kazi nzuri Nairobi, akamleta, akamnyang'anya kitambulisho, akamfungia humo ndani na cherehani. Kufuli lilikuwa nje ya mlango. Sisi tulimjua kupitia dirisha la vyuma.

Usidhani alikuwa mtu wa kulia tu. Vijana wakija kuteka maji walimtania, naye hakuwaacha.

"Niaje, fundi! Utanishonea longi lini?"

"Lete kitambaa kwanza. Wewe umezoea kuvaa maneno."

Jumamosi hiyo aliniita, akanionyesha mkono uliovimba hadi kiwikoni. "Dada, huyu mtu ataniua. Mnitoe hapa."

Nilimwambia mzee wa ploti. Siku hizo polisi walifanya msako wa wageni, na asiye na karatasi alipakiwa kwenye lori. Mzee akasema tukienda stesheni, atakayefungwa ni Spesiosa. Tukaona ni huruma kuyamaliza nyumbani, kama tulivyomaliza ugomvi wa maji na wa watoto. Kikao kikaitwa uani. Yule tajiri mwenye duka la sare akaja na kreti ya soda na mikate, akaketi kati yetu, akasema hasira ilimzidi. Spesiosa naye akaambiwa aombe msamaha kwa kutoa mambo ya ndani dirishani. Akaomba. Wakapeana mikono, tukafunga kwa maombi. Halafu tajiri akamrudisha chumbani, na sote tukasikia kufuli.

Mama Nekesa, mjane wa Bungoma aliyeuza sukuma wiki langoni, hakuwa ameigusa chupa yake.

"Mmemaliza?" alituuliza. "Mliogopa atafungwa. Sasa hapo amefunguliwa?"

"Mama, hana karatasi," mzee wa ploti alisema.

"Kwa hivyo mwili wake hauumi? Hiyo soda mliyokunywa, ameilipa yeye."

Mzee akaanza kurudisha chupa tupu kwenye kreti. Mimi nilitazama miguu yangu.

Jumatatu Mama Nekesa alinishika mkono tukaenda parokiani, na padri akatuelekeza kwa wakili mmoja, mwanamke aliyesaidia wakimbizi bila malipo. Alitueleza polepole, maana alituona hatujasoma sana. Kumpiga mtu ni kosa, kumfungia ni kosa, awe mwenyeji au mgeni. Aliyekimbia vita anaweza kuomba hifadhi. Yeye mwenyewe angesimama naye stesheni ili aandikwe kama mlalamishi, si mshtakiwa. Nilisikiliza nikijua kwamba mambo hayo yote yangewezekana siku ile tulipokuwa tukifungua chupa.

Wakili alipofika na polisi, kufuli lilivunjwa. Spesiosa alikuwa amelala juu ya vitambaa vya sare, akipumua kwa shida. Alikuwa amepigwa tena baada ya kikao, safari hii mdomo umezibwa, ndiyo maana hatukusikia. Mbavu zilikuwa zimevunjika. Hospitalini alitoa maelezo yake yote, wakili akiwa kando ya kitanda, nami nimemshika mkono.

"Dada," aliniuliza, "huyo askari mlangoni ananifunga ama ananilinda?"

"Anakulinda."

"Kumbe huwa hivi," akasema, akafumba macho. Hakuyafumbua tena.

Yule mtu alifungwa kwa maelezo hayo. Watu waliniambia nifurahi. Sijaweza.

Mwanangu, siku hizi sheria yetu iko wazi kuliko wakati ule. Mtu aliyeletwa nchini kwa hila na kutumikishwa hastahili kushtakiwa kwa kukosa karatasi. Anastahili matibabu, mahali salama na mtu wa kumtetea. Lakini sheria haijui chumba alimofungiwa; wewe jirani ndiye unayekijua. Akikuomba msaada, usimkalishe kikaoni na anayempiga, wala usimlazimishe kupeana mkono. Muulize yeye anataka nini. Mtafutie wakili au watu wa kusaidia wakimbizi, na mkienda stesheni usimwache peke yake, kwa kuwa si kila askari anaijua sheria, na wapo wanaoijua wakajifanya hawaijui. Nenda siku hiyo hiyo. Kuogopa kwa niaba yake, huku yeye anaumia, si huruma.

Mungu akulinde ukijikuta ugenini. Na mgeni akikufikia akiwa na shida, Mungu akupe moyo wa kuinuka mapema. Amina.